Kiazi cha Bibi na Tiketi ya Pili

Nzuguni, Dodoma
Jumamosi alasiri, mwishoni mwa Oktoba. Mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke Muheza kwa miaka miwili tu.

Mwanangu Stumai,

Tiketi zako mbili nimeziona. Umeziweka juu ya redio, mahali ambapo ulijua nitaziona kabla sijapata chai, halafu ukaenda Makole kuaga rafiki zako kana kwamba hukuacha kitu. Moja ina jina lako. Nyingine ina jina langu, majina yote matatu, hata lile la babu ambalo sijalitumia tangu nistaafu. Nimekaa nazo tangu asubuhi. Nimekasirika mara tatu na kupoa mara mbili, kwa hiyo anayekuandikia bado ana hasira moja mkononi.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini njiani. Hayo bibi yako ameyasema tangu Jumanne, na aliyoyasahau amemtuma jirani akuambie.

Unakwenda kwetu, milimani juu ya Muheza, kulishika shamba la babu yako, kwa sababu baba yako mdogo magoti yamemchoka na watoto wake wote wako Dar es Salaam. Hilo sina ugomvi nalo. Umesomea kilimo, una nguvu, na shamba lisilo na mtu linageuka pori kabla hujamaliza kulijadili. Kinachonichosha ni kwamba umeamua kunipakia na mimi pamoja na mabegi. Wiki iliyopita uliniuliza, "Baba, si umesema maisha yako yote kwamba utarudi?" Nikajibu, "Nitafikiri." Wewe ukasikia ndiyo. Sikulaumu sana. Mtoto aliyelelewa kwa maneno "tutakaporudi kwetu" asipoyaamini atakuwa na kasoro. Lakini ungesubiri nimalize kufikiri!

Na si tiketi tu. Asubuhi nilipokwenda bustanini nimekuta shimo la karibu na bafu limefukuliwa. Nikafuata alama za udongo mpaka kwenye mizigo yako. Kopo la rangi, na ndani yake pande la kiazi cha bibi yako, umelifukia kwenye mbolea laini na kulimwagilia maji. Umelimwagilia maji, Stumai. Mwezi wa kumi, kiazi kimelala usingizi wake. Mhitimu mzima wa kilimo! Nimesimama pale nikiwa nimeshika kopo, na hasira iliyonipanda haikuwa yako peke yako, kwa sababu kosa hilo nalifahamu vizuri. Nililifanya mimi kabla hujazaliwa, ila nililifanya kinyumenyume. Ndilo ninalotaka kukueleza, na jibu la tiketi limo ndani yake.

Nilifika Dodoma nikiwa karani wa masijala mwenye miaka ishirini na sita. Wenzangu walikuja na magodoro. Mimi nilikuja na sanduku la nguo na gunia la mimea: mche wa mshelisheli kwenye mkebe, vipande vya viazi vikuu, vijiti vitatu vya kisamvu cha mpira, miche ya mdalasini na ya hiliki. Nilitaka mimea ya kudumu, ile unayoipanda mara moja na kuila miaka yote. Angalia upumbavu wake: mtu aliyekuja kwa miaka miwili anapanda mti wa miaka hamsini. Nadhani sikutaka kuila. Nilitaka nikifungua dirisha nione kwetu.

Unakokwenda utaona mwenyewe kwamba mvua ni adui wa mizizi. Mtoto wa kule anajua kabla hajaanza shule kwamba ukitaka mche uishi unauinulia tuta, maji yapite pembeni yaende zake bondeni. Basi nyuma ya nyumba ya serikali pale Makole nikainua matuta. Marefu, yamenyooka kwa kamba, wapita njia wanasimama kuyatazama. Mvua ya kwanza ilinyesha robo saa. Maji yaliteleza kwenye matuta yangu kama kwenye bati, yakakimbilia uani kwa jirani, ambaye hakuwa amepanda kitu chochote. Mvua ya pili ilikuja baada ya wiki tatu.

Mwaka ule nilipomwoa mama yako, bibi yako alikuja kutoka kijijini kwao Mlali kututembelea. Wewe umekua ukiiona desturi ya kwao ya mkwe na mama mkwe kutotazamana na kutosemeshana, huioni ajabu. Mimi nilikuwa mgeni. Niliposikia hodi nikatoka mbio, mikono mbele, "Shikamoo mama!" Akageuka akautazama ukuta. Nilidhani nimechukiwa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake bibi yako alitoka uani, akanipa mgongo, khanga imepanda mpaka puani, akamwambia mama yako kwa sauti ya kutosha nyumba nne:

"Muulize mumeo, hapa amezika watu wangapi?"

Mama yako akanigeukia. "Mama anauliza kuhusu matuta."

"Nimesikia."

"Anasema ni mazuri."

"Mwambie," sauti ikaendelea kutoka kwenye khanga, "huku kwetu tunachimba shimo. Mche unakaa chini, maji yanaufuata humohumo. Yeye ameuweka juu kama mgeni wa heshima, maji ataupelekea nani?"

"Anasema," akatafsiri mama yako, "ungejaribu na mashimo."

Sikujaribu. Desturi ile nilianza kwa kuichukia, kisha nikaipenda, na niliipenda kwa sababu mbaya: mtu asiyeweza kukuambia jambo usoni, unaweza kujifanya hukumsikia. Mwanamke aliyelima nyanda hizi tangu utotoni alikuwa ananipa, bure, kila kitu nilichokuwa nakitafuta kwenye vitabu, na mimi nikawa namsubiri anisemeshe kwa utaratibu wa ofisini.

Daftari langu la mimea unalijua, lile la jalada jeusi. Hujawahi kulisoma kurasa za mwanzo. Ni orodha ya vifo. Mdalasini, wiki tano. Hiliki, siku tisa. Mshelisheli wa kwanza uliishi mpaka upepo wa Juni, ukakauka kuanzia ncha kama karatasi iliyosogezwa motoni. Nikaagiza wa pili. Nikaagiza wa tatu. Madereva wa mabasi ya Tanga walikuwa wananifahamu, wakiniona kituoni wanaitana, "Mzee wa miche kaja!" na mimi nilikuwa sijafika hata miaka arobaini. Kilichopona ni kisamvu cha mpira peke yake, ambacho hakikutaka tuta wala shimo wala huruma yangu.

Mama yako aliwahi kuniuliza, mwaka wa mshelisheli wa tano, "Baba Stumai, unataka mti huu uzae, au unataka uwe Muheza?"

Nikamjibu kwamba yeye hawezi kuelewa, hajawahi kula shelisheli la kuchoma. Jibu la kijinga kabisa. Kweli alikuwa hajala. Na alikufa hajala, kwa sababu kila mwaka nilikuwa nasema nitampeleka tutakaporudi, badala ya kumpeleka siku moja kwa basi, kula, na kugeuza.

Alipokufa ulikuwa na miaka sita. Bibi yako alifika kwa msiba na hakuondoka tena. Tulipohamia hapa Nzuguni, nyumba ikiwa haina hata dari, alihamia nasi. Lile neno lake la makaburi hakulirudia kamwe. Matuta niliyavunja mwenyewe siku ya tatu ya msiba, kabla hatujahama, kwa jembe la kuazima, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kuanzia hapo mdomo wetu ukawa wewe. Watu wazima wawili ndani ya ua mmoja, na kila neno lilipita kwa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Na hukuwa mjumbe mwaminifu. Siku moja nilikuwa namwagilia jua likiwa kichwani, ukaja ukasimama mikono kiunoni:

"Baba, Bibi anasema uache kumwagilia mchana, na uache kiburi."

"Bibi kasema kiburi?"

Ukafikiri. "Kasema mchana. Kiburi nimeongeza mimi."

Nilikasirika, nikaja kucheka baada ya miaka kama kumi hivi.

Bustani ya hapa sikuinua matuta, ila mashimo pia sikuchimba. Nilipanda tambarare, yaani nilikubali nusu. Bibi yako akachukua kona moja tu, karibu na bafu, akapanda kile kiazi alichokitoa Mlali. Mtambao wa mwituni. Mvua zikianza unachipua, unapanda uzio, nawe unachuma majani miezi mitano; ukaushe, utwange, upike na karanga, ule na ugali wa uwele. Ukifika kiangazi unakauka wote, hata kamba hazibaki, na kiazi kinalala chini kama hakipo. Jina lake la Kigogo aliwahi kukuambia, ukaniambia, nikasahau, ukasahau. Nimekitafuta kwenye vitabu vyangu vyote vya mimea, sijakipata. Inaniudhi mpaka leo. Nimeula mmea huu miaka ishirini na siwezi kuuandika kwenye daftari isipokuwa kama "mboga ya Bibi".

Ulikuwa na miaka tisa nilipoletewa mshelisheli wa nane. Ilikuwa Septemba. Nikatafuta mahali pazuri kuliko pote, penye unyevunyevu, nikapaona: karibu na bafu, maji ya kuogea yanatiririkia pale. Juu hapakuwa na kitu. Nikachimba, nikakuta kitu kinachofanana na kichwa cha mtoto, kimekunjamana, ngozi ngumu.

Ukasema, "Baba, hicho cha Bibi."

Nikasema, "Hiki ni mzizi mkavu," nikakirusha nje ya uzio.

Bibi yako alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Aliporudi akautua unga, akaona mshelisheli wangu umesimama pale umefungiwa kijiti. Kisha, Stumai, akafanya jambo ambalo hajalifanya kabla wala baada. Akaishusha khanga mabegani, akaja akasimama mbele yangu, hatua moja, akanitazama machoni.

"Wewe," akasema. "Kakilete."

Nimeonywa na mabosi watano kwenye utumishi wangu. Nimeandikiwa barua za karipio zenye mhuri. Hakuna iliyonipata kama maneno yale mawili. Niliruka uzio, mimi mwenye suruali ya ofisini, nikakuta mbuzi wa jirani wamekizunguka na mmoja ameshakitafuna ubavu. Nikawafukuza kwa kiatu. Jirani alikuwa mlangoni kwake anatazama.

"Mzee wa Muheza!" akaita. "Leo unagombania mboga na mbuzi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na nimeshinda kidogo."

Niliporudi nacho, khanga ilikuwa imesharudi puani na mgongo umegeuka. "Mwambie baba yako achimbe mpaka magotini." Ukaniambia. Nikachimba. Chini ya shibiri mbili udongo wa hapa ni sakafu. Nilitoboa kwa mtaimbo, viganja vikachubuka. "Mwambie atie majani makavu. Mwambie samadi ya zamani, si mbichi. Mwambie mawe pembeni. Mwambie kinywa cha shimo kibaki chini ya uwanja, asije akajaza na kuinua kile kilima chake." Hilo la kilima hukuniambia. Nililisikia mwenyewe.

"Nimwagilie kiasi gani?" nikakuuliza.

Ukakimbia, ukarudi. "Anasema usimwagilie."

"Mpaka lini?"

"Anasema utakiona."

Oktoba yote na Novemba nilitoka kila asubuhi na dumu la maji mkononi, nikafika shimoni, na kila asubuhi jikoni kukasikika mtu anakohoa. Nikageuka. Desemba mvua ilinyesha usiku mmoja mzito, na siku ya tatu yake kichipukizi kimoja, chembamba kama uzi, kikatokea ule upande ambao mbuzi hakuufikia. Nilichelewa ofisini siku ile. Sikutoa sababu.

Ndipo nikaanza kuchimba. Haya mashimo kumi na moja uliyoyazoea yote yana umri mdogo kuliko wewe. Viazi vikuu vya Muheza, vilivyokuwa vinanifia kila mwaka, viko kwenye lile refu kuliko yote na tunavila. Mlonge, komamanga, mfuru wa porini aliotuletea mjomba wako kutoka Mlali ambao wageni wanashangaa tunaupalilia kama waridi, yote iko chini, kila mmoja ndani ya bakuli lake. Mshelisheli wa nane ulikufa Julai iliyofuata. Niliuandika. Wa tisa sikuagiza.

Nilikwenda kwetu mara moja tu, kumzika babu yako. Ulikuwa kidato cha pili, nikakuacha na Bibi. Sikukueleza yote. Siku ya nne nilioga, nikayakusanya maji ya kuogea kwenye beseni, nikatoka nayo mpaka migombani na kuyamwaga kwa uangalifu kwenye shina. Baba yako mdogo alikuwa amesimama barazani.

"Kaka," akasema taratibu, kama anayesema na mgonjwa, "mvua inanyesha."

Ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimelowa.

Jioni wakanichomea shelisheli. Nililingojea miaka mingi kuliko umri wako wa wakati ule. Lilikuwa tamu, sikudanganyi. Nililila lote, na nilipomaliza nikajikuta nahesabu siku za kuwahi mvua za huku, kwa sababu shimo la sita lilikuwa halijatiwa samadi. Hilo ndilo nililopaswa kukuambia niliporudi. Badala yake nikaendelea na wimbo wangu, tutakaporudi, tutakaporudi. Ulikuwa umenikaa mdomoni, na ulikuwa na faida zake. Ukuta wa nyuma sijaupiga lipu hadi leo, kwa sababu ya nini na tunaondoka? Mikutano ya mtaa sikwenda. Kigogo sikujifunza, nikakutumia wewe. Mtu anayeondoka halazimiki kumaliza kitu. Nilijipa likizo ya miaka thelathini na nane, na wewe ukaichukulia kuwa ahadi, ukanikatia tiketi.

Sasa kopo lako. Leo hii ukirudi, mwaga mbolea yote. Kifute kiazi, kipake majivu penye jeraha la kisu, kifunge kwenye gunia kavu, usikiweke kwenye mfuko wa nailoni hata kama kondakta atanung'unika. Ukifika kwetu, usichimbe shimo. Utataka kuchimba, kwa sababu ndicho ulichokiona utoto wako wote, na utakuwa unafanya nilichofanya mimi Makole. Kule shimo litajaa maji na kiazi kitaoza ndani ya wiki mbili. Inua tuta. Refu, tia mchanga na kokoto chini, upande wa mteremko unaopata jua la asubuhi. Nimekaa miaka yote hii nikiyaonea aibu matuta yangu, kumbe hayakuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa Dodoma.

Kinaweza kufa hata hivyo. Kikifa, kiandike, usiniagizie kingine mara nane.

Na usiku usiingie kabla hujamuuliza bibi yako jina la kiazi hicho. Uliandike. Baba yako mdogo atakuuliza ni kiazi gani, na mimi siwezi kukuulizia.

Kuhusu tiketi. Mchana nilikuwa nimekaa hapahapa nazo mezani. Bibi yako alikuwa anapepeta uwele, amenipa mgongo kama kawaida. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini unamjua. Kuku wake mwekundu alikuwa anadonoa miguuni pake. Akamwambia kuku:

"Kesho watu wanapanda basi. Haya. Mimi na wewe tutabaki tunasemezana."

Kuku hakujibu. Nikatazama jina langu lenye majina yote matatu. Kisha nikamwambia kuku yuleyule:

"Mwambie mwenye uwele kwamba mashimo mawili bado hayajatiwa samadi, na mvua ziko karibu."

Ungo ukasimama. Ukaanza tena.

"Mwambie," akasema bibi yako, "asitie mbichi."

Kwa hiyo usituhurumie kwamba tunabaki bila mdomo. Tumepata mwingine, na huyu haongezi maneno.

Kesho asubuhi nitakubebea lile begi zito mpaka stendi. Tiketi ya pili waombe wakubadilishie, na wakikataa, kiazi kikae kwenye kiti changu. Kina sababu nzuri ya kwenda. Wakikuuliza kwetu, baba yako anakuja lini, usiseme nitafikiri, usiseme Mungu akipenda, usinifichie aibu. Waambie baba yako anaishi Nzuguni. Basi likishatoka nitapita kwa jirani kuchukua samadi, ya mwaka jana, halafu nitarudi nyumbani.

Mimi baba yako, Muheza sirudi.